Kamba, Mnyororo au Kigwe? Lugha ya Sheria Ndogo za Mbwa

Tangu mwaka 2021, Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, macho ya wafasiri yameelekea kwenye sheria kubwa: za ardhi, za ndoa, za makosa ya jinai. Hatuna ugomvi na jambo hilo, maana ni kazi iliyochelewa. Lakini sheria ambayo mwananchi wa kawaida hukutana nayo kwanza si ile iliyotungwa na Bunge. Ni sheria ndogo ya halmashauri yake, ile inayobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata na kusomwa na mtendaji barazani. Sheria ndogo nyingi zilikuwa zikiandikwa kwa Kiswahili hata kabla ya mwaka huo tulioutaja. Kwa hiyo hazina kisingizio cha tafsiri. Zikiwa na kasoro, kasoro hizo ni zetu wenyewe.

Katika makala haya tumekusudia kukijadili kifungu kimoja tu, nacho ni kile kihusucho mbwa: afungwe vipi, atembee wapi, na afanywe nini akikutwa peke yake njiani. Huenda msomaji akaona kwamba tumechagua jambo dogo. Tunamwomba asubiri kidogo.

Tumweke msomaji mahali. Mpemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. (Jina hilo lisimchanganye mtu wa pwani: Mpemba wa huku ni mahali, si mtu wa kisiwani Pemba.) Hapo ndipo barabara ya kwenda Ileje, yenye urefu wa kilomita 50 hivi hadi Isongole mpakani mwa Malawi, inapoachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Malori yanayosubiri kuvuka Tunduma hupanga foleni barabarani, na hatua chache kutoka kwenye foleni hiyo kuna mashamba ya mahindi. Kwa hati, mahali hapo ni mji. Kwa macho, ni mji na shamba kwa pamoja. Mbwa wa mwenye duka hulala mlangoni pa duka, na mbwa wa mchungaji hupita barabara hiyo hiyo nyuma ya ng'ombe. Kifungu kimoja cha sheria ndogo, kilichotungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, kitawahusu wote wawili kwa maneno yale yale. Hapo ndipo maneno yanapoanza kupimwa.

Kifungu tunachokileta hatukukinakili kutoka halmashauri yoyote, ya huko wala ya kwingineko. Tumekitunga sisi wenyewe, ili tuyakusanye mahali pamoja maneno ambayo mtu aliyezoea kusoma sheria ndogo na matangazo ya barazani hatayaona mageni:

"Mmiliki yeyote wa mbwa atahakikisha kuwa mbwa wake amefungwa mnyororo wakati wote na hazururi mahali pa umma. Mbwa yeyote atakayeonekana akizurura atahesabiwa kuwa ni mbwa koko mwenye kichaa na atateketezwa, na mmiliki atalipa faini ya mbwa wake kama ilivyo katika Jedwali."

Kwa sikio la haraka kifungu hiki ni Kiswahili kizuri. Hakuna neno geni hata moja, hakuna herufi iliyokosewa. Na bado twadai kwamba kinaweza kumfilisi mtu asiye na hatia, na kinaweza kumwua mtoto.

Tuanze na mwenye mbwa. Neno "mmiliki" linatokana na milki, na mahali pake ni kwenye hati ya shamba na kadi ya gari. Mbwa wa kijijini ana mwenyewe, lakini hana mmiliki. Mama humpa makombo, vijana hutoka naye kuwinda, mjomba ndiye aliyemleta akiwa mdogo kutoka kwa jirani. Mtendaji akiuliza "nani mmiliki wa mbwa huyu?" watu wote watanyamaza, tena bila kusema uongo, kwa kuwa katika hao hakuna anayejiona kuwa amemiliki kitu. Akiuliza "mbwa huyu analala kwa nani?" atajibiwa mara moja. Sheria inayotaka kumpata mtu haina budi kuuliza swali linalojibika. Sisi twapendelea "mwenye mbwa", na katika sehemu ya tafsiri ielezwe kwamba mwenye mbwa ni mtu ambaye mbwa hulala au hulishwa kwake. Neno fupi, na Kiswahili kinalo tangu zamani.

"Atahakikisha kuwa" twalipita upesi. Kuhakikisha ni kupata hakika, kama mtu ahakikishavyo hesabu. Siku hizi neno hilo limekuwa kama chumvi: hakuna agizo lisilotiwa. Mwenye mbwa aambiwe "atamfunga mbwa wake" kama ndilo litakiwalo. Asiambiwe akahakikishe kwamba amefungwa, kana kwamba kuna mtu mwingine wa kumfunga.

"Mbwa wake" ni jambo zito zaidi, nalo ni la sarufi tupu. Neno mbwa halibadiliki katika umoja na wingi. Kwa ufasaha wa kawaida mbwa mmoja ni "mbwa wake", na wawili nao, kwa kuwa ni viumbe wenye uhai, waweza kuwa "mbwa wake". Wasemaji wengi hujiokoa kwa kusema "mbwa zake" wakikusudia wengi, jinsi tusemavyo "rafiki zake" na "ndugu zake". Waandishi wa ofisini, kwa kuogopa kuonekana hawajui upatanisho, huikwepa "zake" hiyo. Matokeo ni kwamba mtu mwenye mbwa watano akisoma "atalipa faini ya mbwa wake" hajui kama atalipa mara moja au mara tano. Karani wa mapato hajui pia, na kila mmoja ataielewa kwa upande unaomfaa. Dawa yake ni rahisi: "kwa kila mbwa". Walimu wanaosoma gazeti hili wangeweza kukitumia kifungu hiki darasani wakati wa kufundisha ngeli, maana wanafunzi hudhani upatanisho ni mambo ya mitihani tu.

Sasa tufike kwenye "amefungwa". Kitenzi funga kina kazi nyingi mno. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, mhalifu hufungwa, na mwenye kufunga Ramadhani naye amefunga. Mbwa akifungwa, je, amefungwa kamba au amefungiwa bandani? Watu wengi wenye mbwa wa ulinzi humfungia mbwa ndani ya banda mchana na kumfungulia usiku ili auzunguke ua. Mbwa huyo hana kamba shingoni, wala hana haja nayo. Kwa mujibu wa kifungu chetu, mwenye mbwa huyo anavunja sheria usiku kucha kwa sababu mbwa hakufungwa "wakati wote", ijapokuwa ua wake una ukuta mrefu kuliko yeye mwenyewe. Tofauti ya kufunga na kufungia imo katika viambishi tu, lakini ndiyo tofauti ya kamba na banda. Sheria ya Kiswahili yaweza kuitumia tofauti hiyo bila ya kuongeza hata neno moja. Ni ajabu kwamba haiitumii.

Tena kuna hatari nyingine ndogo inayotokana na kidole cha mpiga chapa. Kati ya "mbwa wanaofugwa" na "mbwa wanaofungwa" kuna herufi moja tu. Sheria ikisema "mbwa wote wanaofungwa katika eneo la halmashauri watachanjwa", mtu mwerevu ataupeleka utetezi wake barazani: mbwa wangu sijamfunga kamwe, basi chanjo haimhusu. Tunacheka, lakini makosa ya namna hii hayaonwi na msomaji wa pili wala wa tatu, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi na yote mawili yanamhusu mbwa. Wasahihishaji wa chapa wakiona mbwa, wasimame.

"Mnyororo" ndilo neno lililotupa kichwa cha makala haya. Yafaa kwanza tujiulize kwa nini Kiswahili, chenye maneno mengi ya kamba kuliko lugha nyingi tuzijuazo, hakina neno moja lililokubalika la kamba ya kumwongozea mbwa. Jibu letu ni la kihistoria. Lugha hii ilikulia pwani, katika miji ya Waislamu, ambako mbwa hakuwa mnyama wa kushikwa mkononi na kutembezwa. Mnyama aliyeongozwa kwa kamba pwani alikuwa punda, na kwa wenye uwezo farasi. Ndiyo maana tuna lijamu ya kinywani na hatamu ya mkononi. Barani nako mbwa alikuwa na kazi nyingi, za kuwinda na kulinda na kuchunga, lakini kazi hizo zote alizifanya akiwa huru, akiitwa kwa mluzi au kwa jina lake. Mtu wa barani hakuhitaji neno la kamba ya mbwa kwa sababu kamba yenyewe hakuwa nayo. Desturi ya kumtembeza mbwa kwa kamba ilikuja na Wazungu, nayo ilikaa katika mitaa yao ya mijini. Neno halikufuata.

Kwa hiyo waandishi wa sheria ndogo hushika lililo karibu. Wengine huandika "kamba", wengine "mnyororo", na wapo wanaoandika "ukanda". Mnyororo ni wa chuma. Ukiandikwa peke yake katika sheria, mtu aliyemshika mbwa wake kwa kamba ya katani iliyo imara kabisa amevunja sheria, na aliyemfunga kwa mnyororo uliooza kwa kutu ameitii. Zaidi ya hayo, mnyororo katika lugha yetu ni neno la utumwa na la gereza. Hatusemi hivyo kwa kuwaonea mbwa huruma iliyozidi, ingawa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inatutaka tuwe nayo kwa kiasi. Twasema hivyo kwa sababu sheria inapotaja mnyororo, mwananchi humfunga mbwa kwa mnyororo mfupi kwenye mti kuanzia Januari hadi Desemba, na mbwa wa namna hiyo huwa mkali kuliko yule aliyekuwa akizunguka. Neno lilitaka usalama likazaa mbwa wa kuuma.

"Hatamu" ingefaa kwa maana, lakini imekwisha kupanda cheo. Tangu enzi za chama kimoja, hatamu ni kitu kinachoshikwa na Chama, na mtu akiambiwa amshikie mbwa hatamu atadhani anafanyiwa mzaha. "Ukanda" ni mpana mno, kwa kuwa ni wa kiunoni, na siku hizi ni wa pwani na wa nchi za maziwa pia. Sisi twapendekeza "kigwe". Ni neno la zamani, limo katika kamusi, na maana yake ni kamba ndogo iliyosokotwa au kusukwa, tena limewahi kutumika kwa kamba ya kumwongozea mnyama. Halisemi ni ya chuma wala ya ngozi wala ya katani, jambo ambalo ndilo tulitakalo. Wingi wake ni vigwe, na upatanisho wake haumsumbui mtu. Ule wa shingoni tungeuita "ukanda wa shingo", basi, bila ya kutafuta neno jipya. Wapo watakaosema kwamba hakuna mtu wa Mpemba anayekijua kigwe. Huenda ni kweli. Lakini chanjo nayo ilikuwa ngeni siku moja, na leo hakuna bibi asiyeijua.

Hata hivyo, kigwe hakitatuokoa kama wazo lililo nyuma yake limekosewa, na hapa hatuna budi kutoka kidogo nje ya lugha. Yaelekea watunzi wa vifungu hivi huwaza mji wa Ulaya ambako kila mbwa hushikwa mkononi. Lakini hata Uingereza, ambayo sheria zake nyingi tulizirithi, haikufika huko. Amri yake ya mwaka 1992 kuhusu mbwa inataka mbwa aliye barabarani au mahali pengine pa watu wote avae ukanda wa shingo wenye jina na anwani ya mwenyewe, na papo hapo inawaachilia mbwa wa kuswaga ng'ombe na kondoo na mbwa wa kuwinda wanapokuwa kazini. Kamba ya mkononi hutakiwa katika barabara zilizotajwa maalumu. Ikiwa mchungaji wa huko ameachiwa mbwa wake, kwa nini mchungaji wa njia ya Ileje atozwe faini kwa sababu mbwa wake alimfuata nyuma ya ng'ombe? Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kuwadhibiti wanyama na kuwatunza, na kutoa leseni za mbwa kumetajwa humo waziwazi. Wakenya nao watakabiliwa na maneno haya haya kila kaunti itakapokaa kuandika sheria yake kwa Kiswahili. Ingekuwa vyema tusiwe na kigwe huku na kitu kingine kule.

Neno "kuzurura" lina historia ambayo kizazi cha sasa hakiijui vizuri. Katika Kiswahili cha serikali ya Tanzania, mzururaji alikuwa binadamu. Mwaka 1983, wakati wa Sheria ya Nguvu Kazi, watu waliosemekana hawana kazi walisakwa mijini na kurudishwa mashambani, na neno lililokuwa midomoni mwa wakuu lilikuwa uzururaji. Makosa ya uzembe na uzururaji yamo katika Kanuni ya Adhabu hadi leo tunapoandika. Kuzurura, basi, ni neno lenye lawama ndani yake: kwenda huku na huko bila ya kazi, kwa mtu ambaye angepaswa kuwa nayo. Mbwa hapaswi kuwa na kazi. Akitembea hatembei kwa uvivu. Ukimwambia mtendaji akamate mbwa wanaozurura, umempa hukumu badala ya kumpa kipimo. Atajuaje kwamba yule aendaye kisimani nyuma ya mtoto anazurura au hazururi? Kipimo kingekuwa kitu kinachoonekana kwa macho: mbwa aliye nje ya ua asiyekuwa na mtu. Hayo ni maneno ya kawaida kabisa, na kila aliyepo barazani ataafiki kama mbwa fulani alikuwa hivyo au la.

"Mahali pa umma" pana taabu kama hiyo kijijini, ambako njia ya kwenda kwa jirani hupita uani mwa mtu mwingine. Yatajwe mahali penyewe: barabara kuu, stendi, soko, gulio, uwanja wa shule, kituo cha afya.

"Mbwa koko" nalo twaliomba litolewe. Watu hulitumia kwa mbwa asiye na mwenyewe, na hulitumia vile vile kwa mbwa wa kienyeji asiye wa mbegu ya kigeni. Kwa maana hii ya pili karibu mbwa wote wa vijijini ni koko, hata aliyechanjwa na mwenye ukanda wa shingo, na wa bwana mkubwa mwenye manyoya marefu si koko hata akiwa njiani usiku wa manane. Sheria itakuwa imempa adhabu mbwa wa maskini kwa nasaba yake. Wengine, kwa kukwepa koko, huandika "mbwa mwitu". Hilo ni baya zaidi. Mbwa mwitu ni mnyama wa porini mwenye jina lake na mabaka yake, anayewinda kwa makundi, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Amri ya kuwaua mbwa mwitu ni amri ya kuua wanyamapori, na halmashauri haikukusudia hivyo. (Vitabu vya watoto vimeongeza fujo kwa kumwita mbwa mwitu yule mnyama wa ngano za Ulaya anayewala nguruwe watatu. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Tumefika kwenye neno "kichaa", na hapa ndipo tulipomwomba msomaji asubiri.

Ugonjwa wenyewe huitwa kichaa cha mbwa. Lipo pia neno kalab, lenye asili ya Kiarabu, lakini hilo halijafika bara na hatudhani litafika. Kichaa cha mbwa limekwisha kushika na hatutaki libadilishwe. Tunachokataa ni mazoea ya kuligeuza jina la ugonjwa kuwa sifa ya mnyama, yaani kutoka kichaa cha mbwa hadi "mbwa kichaa" na "mbwa mwenye kichaa". Anayesikia mbwa kichaa huona machoni pake mbwa anayekimbia ovyo, mwenye povu, anayeuma kila kitu. Kweli wako wa namna hiyo. Lakini ugonjwa huu una sura nyingine, ya kimya. Mbwa hujificha kivulini, taya hulegea, hawezi kumeza, mate hutoka. Mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kinywani ili autoe. Mbwa huyo hakumwuma mtu wala hakuwa kichaa kwa maana ya mtaani, na mate yake yana virusi vile vile. Tena virusi huweza kuwamo katika mate siku kadhaa kabla ya dalili yoyote. Paka huuleta ugonjwa huo, na mbweha pia. Mama ambaye mtoto wake amekwaruzwa na mbwa mpole wa jirani, akiwa amefundishwa na sheria kwamba wa kuogopwa ni mbwa mwenye kichaa, atampaka mtoto majani na kumlaza. Dalili zikishaonekana kwa mtoto, hakuna dawa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka ulimwenguni, vingi vikiwa Asia na Afrika, na karibu vyote vikitokana na mbwa. Jeraha likioshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na chanjo ikafuata bila kuchelewa, kifo huzuilika.

Kwa hiyo twapendekeza sheria itenganishe maneno matatu ambayo sasa yamefungwa kamba moja. Kwanza "mbwa mkali", ambaye tunamjua sote kwa vibao vya milangoni, na ambaye huenda ni mzima kabisa. Pili "mbwa aliyeuma", ambaye ni mbwa yeyote aliyemwuma au kumkwaruza mtu, mkali au mpole. Tatu "mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa". Kila mmoja ana jambo lake la kutendewa. Wa pili, akikamatika bila ya hatari, hufungiwa na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hofu juu ya jeraha lile hupungua mno, ila mtu aliyeumwa hasubiri siku hizo zipite ndipo aende zahanati.

Hilo latupeleka kwenye "atateketezwa". Twafahamu neno hili limetoka wapi. Kiingereza cha sheria hutumia kitenzi kimoja kwa kuharibu mali na kwa kumwua mnyama, na mfasiri aliyefungua kamusi alikutana na kuteketeza, kuangamiza na kuharibu akachagua moja. Lakini kuteketeza kwa Kiswahili ni kumaliza kabisa, na kwa watu wengi ni kuchoma moto. Mgambo mwaminifu aliyesomewa kifungu hiki atampiga mbwa na kumchoma. Akifanya hivyo, ameuchoma pia ushahidi wote, maana kichaa cha mbwa hupimwa katika ubongo wa mnyama aliyekufa. Daktari atakuta majivu. Hatajua kama ugonjwa umeingia katani, wala ni watu wangapi watafutwe wapewe chanjo. Neno moja lililochaguliwa vibaya mezani limefunga macho ya idara nzima. Iandikwe "atauawa bila ya mateso na daktari wa mifugo au mtu aliyeagizwa naye, na mzoga wake hautachomwa wala kufukiwa kabla ya daktari kuruhusu". Ni maneno mengi zaidi, lakini hapa wingi wa maneno una kazi.

Wasomaji watauliza kama kigwe chenyewe kinazuia kichaa cha mbwa. Hakizuii. Kinachozuia ni chanjo ya mbwa wengi kwa pamoja, na kiwango kinachotajwa na wataalamu ni mbwa 70 katika kila 100. Kisiwa cha Pemba, ambacho hapo juu tulikitofautisha na Mpemba yetu, kinatupa mfano mzuri. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliufuta ugonjwa huo kufikia mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016, ukaletwa tena na mbwa waliosafirishwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikarudiwa, na kufikia mwaka 2018 ukawa umetoweka tena. Mpemba ya Songwe haina bahari ya kuizunguka. Ina mipaka miwili jirani na barabara mbili. Sheria ndogo inayotumia mistari kumi kwa mnyororo na mstari mmoja kwa chanjo, au usiokuwapo kabisa, imekosea mizani yake kabla hata haijakosea maneno yake.

Baada ya kubomoa, adabu yataka tujenge. Tungekiandika kifungu hivi:

"Mwenye mbwa atamchanja kila mbwa wake dhidi ya kichaa cha mbwa mara moja kwa mwaka na kumvika ukanda wa shingo wenye namba ya chanjo. Mtu atakayempitisha mbwa katika barabara kuu, stendi, soko, gulio, uwanja wa shule au kituo cha afya atamshika kwa kigwe. Mbwa anayechunga, anayewinda au anayelinda shamba hatahitaji kigwe akiwa kazini, mradi awepo mtu anayemwita naye akaitika. Usiku mbwa aweza kufunguliwa ndani ya ua usiopitika."

Kipande cha "anayemwita naye akaitika" kitawachekesha mawakili. Tumekitumia kwa makusudi badala ya "aliye chini ya udhibiti", ambayo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kuitika kunajaribika. Mtendaji atamwambia mchungaji amwite mbwa wake, na watu wote watatazama.

Tumebakiwa na kitu kimoja kisicho na jina, yaani kile kifuko au mikanda anayovalishwa mbwa mdomoni ili asiume. "Kifungo cha mdomo" humkumbusha mtu kifungo cha shati au cha gerezani, na "kizibo" ni cha chupa. Wenyeji wa Momba, Mbozi na Ileje wanawafuga mbwa wa kuwinda, na wengi wao husema lugha mbili au tatu kabla ya Kiswahili: Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba humwita mbwa imbwa, na kwa jamaa wa karibu hivyo haiwezekani kwamba maneno yote ya zana za wawindaji yametupita. Walimu wa huko watakaotuandikia neno la kitu hicho, pamoja na maelezo ya jinsi kinavyotengenezwa na kwa ngozi ya mnyama gani, barua zao zitasomwa katika kikao kijacho cha istilahi.